Dunia Nayo ni Kisiwa



Leo twataka tutazame pamoja picha moja. Wengi wenu mmekwisha kuiona, pengine katika kitabu cha jiografia cha watoto, pengine katika kalenda iliyotundikwa ukutani. Ni picha ya dunia nzima, mviringo kama chungwa, rangi yake samawati, na mawingu meupe yametanda juu yake kama pamba iliyochambuliwa. Ilipigwa tarehe 7 Desemba 1972 na wanaanga watatu wa Marekani, Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt, walipokuwa njiani kwenda mwezini katika chombo kiitwacho Apollo 17. Walikuwa wamesafiri muda wa saa tano tu, nao wamekwisha kufika umbali wa kilomita 29,000 hivi. Jua lilikuwa nyuma yao, kwa hiyo uso wa dunia waliouona ulikuwa wote katika mwanga wa mchana.

Na uso huo, ndugu zetu, ni upande wetu sisi. Marekani waliyotoka wanaanga hao haimo katika picha. Lililomo ni Bara la Afrika karibu lote, na Bara Arabu, na kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar, na barafu ya Ncha ya Kusini. Pwani yetu imo, kutoka Pembe ya Afrika mpaka Msumbiji.

Basi Mombasa iko wapi katika picha hiyo? Hebu tufanye hesabu kidogo. Dunia ina upana wa kilomita 12,700 na zaidi. Kisiwa cha Mombasa kina urefu wa kilomita kama tano. Hata tukiikuza picha hiyo mpaka iwe na upana wa mita moja, kisiwa chetu chote hakitafika nusu ya milimita. Ngome ya Yesu, Ndia Kuu, Kanisa Kuu la Ukumbusho, misikiti ya Mji wa Kale, bandari ya Kilindini, na watu wote waliomo, vyote vyafunikwa na ncha ya sindano.

Mtu akiyafikiri hayo, maswali mawili humjia. La kwanza ni lile ambalo mtunga Zaburi ya 8 aliuliza zamani alipoziangalia mbingu usiku: mwanadamu ni nini hata Mungu amkumbuke? La pili ni hili: kama sisi hatuonekani kutoka kule, je, si huenda wako wengine ambao nasi hatuwaoni? Je, kuna uhai mahali pengine, mbali na dunia hii?

Vijana wetu huliuliza swali hilo la pili katika madarasa ya kipaimara, na mara nyingine sisi wazee hulikwepa, kana kwamba ni swali la utovu wa imani. Lakini si swali baya, wala si geni. Historia ya kisiwa hiki chetu yaweza kutusaidia kulishika vizuri.

Watu wa Mombasa wamezoea kutazama upeo wa macho na kujiuliza nani yuko ng'ambo. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Manahodha waliongozwa na nyota, na nyota hizo walikuwa na majina yake. Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wakulima nao walilitazama kujua majira, limetajwa hata katika Biblia yetu ya Kiswahili, katika kitabu cha Ayubu, pale Mungu anapomwuliza Ayubu maswali juu ya mbingu naye asiwe na jibu hata moja. Mwaka 1154 mtaalamu wa Kiislamu Muhammad al-Idrisi, aliyefanya kazi kwa mfalme wa Sicily, alikamilisha ramani kubwa ya dunia na kitabu chake, na Mombasa ikatajwa humo. Katika ramani hiyo kusini kuko juu na kaskazini kuko chini. Jambo la ajabu ni kwamba ile picha ya mwaka 1972 nayo ilipigwa hivyo hivyo, Ncha ya Kusini ikiwa juu. Wachapishaji ndio walioigeuza ili ifanane na ramani tulizozizoea. Huko angani hakuna juu wala chini. Hakuna taifa lililowekwa kichwani pa dunia wala taifa lililowekwa miguuni.

Siku moja wale wa ng'ambo ambao Mombasa haikuwajua wakatokea kweli. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Wareno, chini ya Vasco da Gama, zikatia nanga nje ya kisiwa. Pande zote mbili zilijawa na hofu na kudhaniana mabaya, na baada ya siku chache Wareno wakaenda zao Malindi. Mwaka 1505 wakarudi na kundi kubwa la merikebu chini ya Francisco de Almeida, wakauteka mji, wakaupora na kuuchoma moto. Mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome, wakaipa jina la Yesu.

Tuitazame ngome hiyo kidogo. Mchoro wake ulifanywa na Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Wajenzi wa Ulaya siku hizo waliamini kwamba vipimo vilivyo bora kuliko vyote ni vya mwili wa mwanadamu, na Cairati akauchora ukuta wake kwa kufuata fikira hiyo. Ukiitazama ngome kutoka juu, kama aonavyo ndege au rubani, waona umbo kama la mtu aliyelala chali, kichwa, mikono na miguu. Lakini waliokuwa ndani na mizinga yao hawakuliona umbo hilo, wala hawakuliona waliokuwa nje wakiizingira, hata katika ule mzingiro mkubwa ulioanza 1696 na kwisha 1698, ngome ilipoangukia mikononi mwa Waarabu wa Oman. Watu waliuana kwa mamia juu ya jengo lenye sura ya mtu na jina la Yesu, na mtu hakuwaona wala Yesu hawakumkumbuka. Sisi Wakristo hatuna budi kuisoma historia hiyo bila kuipaka chokaa. Wanaosema kwamba viumbe wa nyota nyingine wakija tutawapokea kwa furaha, na waje kwanza Mombasa waone jinsi watu wa sayari moja walivyopokeana.

Sasa twende mbele mpaka karne ya kumi na tisa, tukutane na wamisionari wa kanisa letu. Johann Ludwig Krapf wa shirika la C.M.S. alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akawazika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1846 akaja mwenzake Johannes Rebmann, wakakaa Rabai, katika vilima vya bara ya Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann, akiwa safarini nchi ya Wachaga, aliona mlima mrefu wenye weupe kileleni. Aliowauliza walimweleza kuwa ni baridi. Naye akatambua kuwa ni theluji.

Habari hizo zilipofika Ulaya, wako waliocheka. Mtaalamu mmoja wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye Afrika hakuwahi kuikanyaga, alisisitiza kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba yule mmisionari amedanganywa na macho yake. Ikapita zaidi ya miaka kumi, hata msafiri Mjerumani Karl Klaus von der Decken akafika mlimani mwaka 1861 na tena 1862, akathibitisha kuwa Rebmann alisema kweli. Wachaga, bila shaka, hawakuhitaji uthibitisho wa mtu.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari za ndani ya Afrika kutoka kwa watu wa misafara waliokuwa wakishuka pwani. Mmoja alieleza habari za ziwa kubwa kule magharibi, mwingine akaeleza ziwa kubwa upande wa kaskazini, mwingine ziwa kubwa upande wa kusini. Wamisionari wakafikiri kwamba wote wasimulia ziwa moja. Wakachora ramani, ikachapishwa Ulaya miaka ya 1855 na 1856, nayo ina bahari moja kubwa mno katikati ya Afrika, umbo lake kama konokono asiye na kaka. Leo twajua kwamba yalikuwa maziwa matatu, Nyanza, Tanganyika na Nyasa, na kutoka angani huonekana wazi kila moja na mahali pake. Wasafiri hawakusema uongo. Kosa lilikuwa katika kuunganisha upesi vipande vya habari ambavyo havijaungana.

Basi Rabai yatufundisha mambo mawili juu ya vitu tusivyoviona. Tusikatae upesi, kama Cooley. Wala tusiunganishe upesi, kama wachora ramani. Tuyashike mambo hayo mawili tunapokuja kwenye habari za anga.

Wengi wetu hudhani habari za anga ni za Wamarekani na Warusi peke yao. Sivyo. Kaskazini ya Malindi, baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio waliweka majukwaa ya chuma yaliyosimama juu ya nguzo zake ndani ya maji, moja likiitwa San Marco na jingine Santa Rita. Walipachagua kwa sababu ya ikweta, kwani pako nyuzi tatu tu kusini yake. Dunia huzunguka kwa kasi zaidi pale ikweta kuliko mahali pengine popote, kilomita zaidi ya 1,600 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa hilo.

Mashuhuri kupita zote ni ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru wake, na kwa kuwaheshimu wananchi waliokuwa wenyeji wa kazi hiyo, Wamarekani walioitengeneza waliipa jina la Kiswahili, Uhuru. Kiongozi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa makusudi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka mbinguni. Miale hiyo haifiki ardhini, kwa sababu hewa yetu huizuia, na ni heri kwetu kwamba huizuia, maana ingetudhuru. Mpaka ilipokoma kufanya kazi mwezi wa Machi 1973, Uhuru iliona mahali 339 panapotoa miale hiyo. Iliona nyota inayopiga kama moyo, pigo moja kwa kila sekunde tano kasoro kidogo. Ilisaidia kufahamu vile viitwavyo mashimo meusi, mahali ambapo uzito ni mkubwa hata mwanga hauwezi kutoka. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa hiyo, wapenzi, vitabu vya elimu ya nyota katika lugha nyingi za dunia vina neno moja la Kiswahili, na neno hilo lilipaa kutoka bahari yetu. Baadaye Kenya nayo ikaweka vyombo vyake angani: kile kidogo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga mwezi wa Mei 2018, na Taifa-1 iliyorushwa kutoka Marekani mwezi wa Aprili 2023, ambayo kazi yake ilikuwa kuipiga picha ardhi yetu yenyewe.

Sasa tulijibu lile swali la vijana. Je, kuna uhai huko?

Yanayojulikana ni haya. Tangu 1995, wanasayansi walipoitambua sayari ya kwanza inayozunguka nyota kama jua letu, wamepata sayari zaidi ya 5,000 nje ya familia ya jua hili. Kwenye Mirihi vyombo viwili vya Marekani vilitua mwaka 1976 na kuupima udongo kutafuta vijidudu, lakini havikuleta jibu la kuaminika kwamba vipo, na waliofuata nao wangali wakitafuta. Mwezi mmoja wa sayari ya Zohali umeonekana ukirusha maji angani kutoka chini ya barafu yake. Mambo hayo ni makubwa. Lakini mpaka leo hakuna mtu aliyeuona uhai mahali popote nje ya dunia hii, hata ukungu wa mkate, hata ubuzi wa mwani. Anayesema kwamba haupo kabisa afanya kama Cooley. Anayesema upo, akaanza na kueleza sura zao na mavazi yao, achora ziwa moja mahali pa matatu.

Mwaka 1990 lilifanyika jaribio zuri sana. Chombo kiitwacho Galileo, kilichokuwa safarini kwenda sayari ya Mushtarii, kilipita karibu na dunia mwezi wa Desemba. Wanasayansi wakaamua kukitumia kuichunguza dunia kana kwamba hawaijui, waone kama chombo kipitacho mbali chaweza kutambua kwamba hapa pana uhai. Picha zake hazikuonyesha wazi mji wala kazi ya mikono ya wanadamu. Lakini kilipima hewa, kikakuta oksijeni nyingi pamoja na gesi ya methani, mchanganyiko ambao hauwezi kudumu pasipo vitu hai kuufanya upya kila siku. Kikaona rangi ya pekee ya majani. Kikasikia mawimbi ya redio. Kwa habari ya wanadamu, kitu pekee walichoweza kukitambua kutoka mbali kilikuwa sauti zetu hewani, pengine muziki, pengine matangazo, pengine mahubiri kama haya. Lakini uhai wenyewe ulishuhudiwa na majani na vijidudu, viumbe tunavyovikanyaga.

Na hapo turudi Mji wa Kale, tukasimame mbele ya nyumba mojawapo ya zile za zamani, yenye mlango wa kuchonga na baraza ya mawe. Nyumba hiyo imejengwa kwa nini? Kuta zake ni mawe ya matumbawe. Chokaa iliyozipaka ilichomwa kutoka matumbawe. Dari yake imelala juu ya boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, maana chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti. Ngome ya Yesu nayo imesimama juu ya mwamba wa matumbawe na kujengwa kwa mawe hayo hayo. Kisiwa chenyewe tunachokikanyaga ni matumbawe ya kale, yaliyojengwa chini ya bahari na wanyama wadogo sana, kizazi juu ya kizazi, kwa maelfu na maelfu ya miaka, kabla hajakanyaga mtu.

Mmeona jambo hilo? Watu wametuma vyombo mamilioni ya kilomita kutafuta alama moja ndogo ya uhai, na wakiipata hata ya kijidudu kilichokufa zamani, magazeti yote ya dunia yatalia. Sisi Mombasa twalala ndani ya alama hiyo. Twaegemea ukuta wa viumbe waliokuwa hai. Kitu ambacho mpaka sasa hakijapatikana mahali pengine popote ndicho tulichokifanya tofali.

Je, tumekiheshimu? Mwaka 1998 maji ya bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikafa. Wavuvi wanajua maana yake, kwa kuwa samaki hawakai penye nyumba iliyobomoka. Setilaiti sasa hupima joto hilo la bahari kila siku, na zimeonyesha kwamba linazidi kupanda. Mikoko ya Mkono wa Tudor, nyuma ya kisiwa chetu, imekatwa kwa kuni na kwa nguzo za kujengea, na maji machafu ya mji yameteremkia huko. Vipo vikundi vya wanakijiji, wake kwa waume, ambavyo vimekuwa vikiingia matopeni kupanda miche upya. Hao ni watu wa kuombewa na kusaidiwa. Kanisa lenye kiwanja kando ya maji na liulizwe: tumepanda nini, na taka zetu twazimwaga wapi?

Tena uhai si matumbawe na mikoko tu. Ni jirani pia. Mwaka 1977 Wamarekani walituma angani vyombo viwili viitwavyo Voyager, kila kimoja kikiwa na sahani ya santuri yenye rangi ya dhahabu, ndani yake salamu za wanadamu katika lugha 55, ili kama yuko msikilizaji huko nje apate kuzisikia. Kimo Kiarabu. Kimo Kigujarati. Kimo Kireno. Kimo Kiganda. Kiswahili hakimo. Asiyekuwapo na lake halipo! Lakini zitazameni lugha hizo nne: tatu za kwanza zimesikika katika vichochoro vya Mji wa Kale kwa karne nyingi, na ya nne ni ya majirani zetu wa Uganda ambako reli ya Mombasa ilielekea. Lugha ambazo watu wake walipigana, wakauziana, wakaoana na kununiana katika kisiwa kimoja, huko angani zimekaa pamoja katika sahani moja, zikiwasalimu wasiojulikana kwa niaba yetu sote.

Ni vyema kuwasalimu wa mbali. Lakini yatupasa kujiuliza: mlango wa pili na wetu yuko nani? Yupo Mwislamu, yupo Mhindi, yupo aliyetoka bara juzi kutafuta kazi. Je, tumembishia hodi alipofiwa? Watoto wake twawajua majina? Mtu ambaye hajampa salamu jirani wa kichochoro kimoja, atamwambia nini mgeni wa nyota nyingine?

Limebaki swali moja ambalo Wakristo huuliza. Ikiwa kuna viumbe wengine, itakuwaje habari ya imani yetu? Biblia haikutuambia kama wako au hawako, nasi tusiitie maneno kinywani. Lakini imetuambia kwamba aliyeziumba mbingu ndiye aliyeumba nchi, na upande wa mbali wa mbingu si nje ya shamba lake. Wakipatikana, watakuwa kazi ya mikono yake, kama theluji ya Kilimanjaro ilivyokuwa kazi yake kabla London haijakubali. Wasipopatikana, basi zawadi tuliyopewa hapa ni kubwa kuliko tulivyodhani. Vyovyote vile, hakuna la kuogopa.

Usiku wa kuamkia Krismasi, tarehe 24 Desemba 1968, wanadamu watatu walikuwa wakiuzunguka mwezi kwa mara ya kwanza: Frank Borman, James Lovell na William Anders. Siku hiyo Anders alipiga picha ya dunia ikichomoza juu ya ardhi kavu ya mwezi. Borman alikuwa msomaji katika kanisa lake la Episkopali, ndugu wa Kanisa letu la Anglikana, na usiku ule alitakiwa awe zamu kanisani. Badala yake, watatu hao walipokezana kusoma aya kumi za kwanza za kitabu cha Mwanzo kwa redio, na mamilioni ya watu wakasikia. Walikuwa wamefika mbali kuliko mtu yeyote kabla yao. Huko chini yao ilikuwa nchi isiyo na jani wala tone la maji ya kunywa. Mbele yao kile kisiwa cha samawati kikielea gizani, nacho ndicho peke yake chenye rangi. Katika saa hiyo walifungua kitabu pale kinapoanza kueleza jinsi Mungu alivyoufanya mwanga, na maji, na nchi kavu.

Wiki hii, mmoja wetu akipita Mji wa Kale, na auguse ukuta kwa mkono wake. Atazame vizuri, ataona ndani ya jiwe vile vitundu vidogo kama nyota, vyumba walimokaa wale wanyama wa matumbawe. Amshukuru Mungu hapo hapo. Kisha ageuke amsalimu mtu wa kwanza atakayekutana naye.

Na tuombe. Ee Bwana, Mwumba wa mbingu na nchi, umetuweka katika kisiwa kidogo ndani ya kisiwa kidogo, nawe watuona. Utupe unyenyekevu mbele ya tusiyoyajua, na uangalifu kwa hayo uliyotukabidhi. Utufundishe kumpokea mgeni, na kuilinda bahari yetu kwa ajili ya watakaokuja baada yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.